Kifipa cha Kwenye Benchi

Goti liliponistaafisha, timu yangu ya Sumbawanga ilinipa ukocha kwa sababu moja tu: nilikuwa na mdomo. Sikukataa. Bila mpira ningekuwa nani mimi? Kwa hiyo siku mwenyekiti aliponiambia, "Mwalimu, leo tusiposhinda, filimbi unaiacha hapahapa," nikaanza kutafuta mbinu palepale.

Wapinzani walitoka Kasanga, wamepanda kutoka ziwani, wanatetemeka kwa baridi yetu. Mbinu yangu ikawa hii: maelekezo yote nitayapiga kwa Kifipa, lugha yetu ya nyumbani, wasiambulie kitu. Wachezaji wakacheka, wakakubali. Tatizo lilikuwa mshambuliaji wetu, Msukuma wa familia ya wafugaji, Kifipa hajui hata salamu. Nikamwambia awaangalie wenzake tu.

Lo! Kila nilikoelekeza, Kasanga wameshafika. Nikisema piteni katikati, katikati kumejaa. Wakati wa mapumziko beki wao, jitu la miraba minne, akaja kunisalimia kwa Kifipa safi kuliko changu, akaniuliza na mahindi yanaendeleaje. Kumbe mama yake ni wa Kate, hukuhuku kwetu Ufipa! Muda wote ule alikuwa akiwatafsiria wenzake.

Kipindi cha pili nikaapa kufunga domo. Wapi! Dakika za mwisho, bado bila kwa bila, kiungo wangu akazubaa na mpira mguuni. Hasira zikanipanda, na mimi nikikasirika Kiswahili hunikimbia. Nikapayuka kwa Kifipa: wote kushoto, huku kwangu!

Beki akatafsiri. Ukuta mzima wa Kasanga ukahamia kushoto pamoja na watu wangu. Kiungo akachanganyikiwa, akaubutua mpira kulia. Na kulia kuna nani, peke yake, mikono kiunoni? Msukuma. Goli!

Mwenyekiti alinikumbatia mpaka kofia yake ikaanguka. "Mwalimu, mtego gani huo!" Nikaipokea sifa kibingwa, filimbi nimeishika kwa mikono miwili.

Watu walipotawanyika nikamfuata mshambuliaji. Nikamuuliza kwa nini alibaki kule kulia wakati wenzake wote wamekuja upande wangu.

"Nisamehe, mwalimu," akasema, macho chini. "Nilijua unanitukana. Nikaona nikae mbali na benchi."

Nikamshika bega. Nikamwambia Jumapili ijayo nitamtukana tangu dakika ya kwanza.