Dhiil Juu ya Keria

Siku niliyopakia baiskeli kwenda Tarbaj naikumbuka kuliko safari yenyewe, mwanangu. Nakuita mwanangu ingawa ndevu zangu bado nyeusi, maana wewe ni mtoto wa dada yangu, na naona umetandaza vitu vyako sakafuni kama nilivyotandaza vyangu hapa hapa Garissa.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na maswali mengi na mizani ya jikoni. Kila kitu nilikipima: tyubu, pampu, viraka, spana. Hata mswaki niliukata mpini. Ndipo Ayeeyo, bibi yetu, akaja na dhiil, kile chombo cha maziwa cha kusukwa, imejaa samli.

"Mpelekee dada yangu."

"Ayeeyo, basi lipo."

"Basi litakunywa chai naye? Litarudi liniambie kama bado anacheka?" Akaigusa baiskeli. "Ngamia gani huyu, anabeba nusu mswaki halafu anashindwa na samli?"

Nikatoa hema, nikafunga dhiil juu ya keria. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hao hawakusukuma baiskeli kwenye mchanga wa Habaswein.

Nilipofika Tarbaj, dada yake Ayeeyo alikuwa amekwishazikwa. Wanawe hawakutaka kumpa Ayeeyo habari hiyo kwa simu. Walikuwa wakingoja mtu wa kuipeleka. Mtu huyo nikawa mimi. Binti wa marehemu akaimimina samli, akaosha dhiil, akaifukiza ndani kwa kijinga cha moto kama ilivyo desturi, kisha akaijaza maziwa ya ngamia, kwa sababu chombo hakirudishwi kitupu.

Kurudi, nilitunga maneno njia nzima, nikiyapanga na kuyapangua. Husemwa mjumbe hauawi. Hawasemi anavyolala.

Ayeeyo alinipokea mlangoni. Alifungua kifuniko, akanusa moshi. Akanusa tena.

"Huu si mkono wake," alisema taratibu.

Kila mwanamke hufukiza kwa kuni zake na kwa kipimo chake, na kipimo cha dada yake alikijua tangu wote wawili ni wasichana. Nikaketi karibu naye. Akanimiminia kikombe.

"Kunywa. Umebeba kizito."

Nikanywa. Yeye hakunywa.

Basi, mwanangu, tyubu ya akiba usiiache, wala pampu, na maji chukua zaidi ya unavyodhani. Lakini usiijaze keria. Acha nafasi ya kitu kisicho chako, na mtu akikuomba umbebee, usikiweke kwanza kwenye mizani. Kuna habari ambazo lazima zipelekwe na mtu anayeweza kukaa chini na kulia na mwenziwe.

Mimi bado nina maswali, hata juu ya dua. Hii nakuombea bila swali: Mola akufikishe uwakute hai unaowaendea, na akurudishe utukute hai tukikungoja.