Waya wa Batono Guram

Kwa miezi kumi na minane aliyokaa Tbilisi, Yanina alikuwa amejifunza salamu za Kijojia, majina ya mikate mitatu, na namna ya kuvuka ua bila kumtazama Eteri usoni. Eteri alikaa ghorofa ya pili, roshani yake ikitazamana na dirisha la Yanina, na wawili hao hawakuiva chungu kimoja hata siku moja. Yanina akimsalimia, Eteri anajifanya hajui Kirusi. Kirusi cha kutukania alikuwa nacho tele, kile cha shule za zamani, kilichonyooka kama rula.

Kisa cha chuki hiyo kilikuwa waya. Yanina alikuwa mtu wa Grodno, kule Belarusi, mwenye miaka arobaini na mitatu, na kazi yake haikuwa Grodno wala Tbilisi. Ilikuwa ndani ya laptop. Kampuni moja ya Ujerumani ya kuuza majokofu ilikuwa na mashine ya akili bandia ya kuwajibu wateja wanaolalamika, na Yanina alikuwa akisahihisha majibu yake. Mteja akiandika kwamba jokofu limegandisha maziwa ya mtoto, mashine inampongeza kwa kununua jokofu lenye nguvu. Yanina anafuta upuuzi huo, anaandika anavyosema binadamu mwenye haya. Alifanya hivyo kutwa, huku programu ya kampuni ikimpiga picha kila baada ya dakika kumi kuhakikisha kwamba yupo. Hata mfungwa ana nafuu, hapigwi picha akipiga miayo. Tena programu hiyo ilikubali mtandao wa laini moja tu, ile iliyoandikishwa. Ukijaribu kuingia kwa simu, inakufungia nje siku tatu.

Laini yenyewe ilikuwa uzi mwembamba wa kioo ndani ya mpira mweusi. Ulitoka kwenye nguzo ya mtaani, ukavuka ua, ukashikizwa kwenye vyuma vya roshani ya Eteri, ndipo ukaingia kwa Yanina. Aliyeruhusu ni mume wa Eteri, Batono Guram, yaani Bwana Guram kwa Kijojia, dereva mstaafu wa treni za chini ya ardhi, mzee wa kushinda na pajama. Hakuruhusu tu, aliufunga kwa mikono yake.

"Lete huo waya, binti," alimwambia siku ile. "Huyu fundi wako ana mikono ya kukatia keki."

Eteri hakuulizwa, akanuna, na hakuacha kununa tena. Kamba yake ya kuanikia, ile ya kuvutwa kwa magurudumu kutoka roshani hadi ukuta wa pili, ilikuwa ikisuguana na waya huo. Kila shuka liliponasa, ua mzima ulisikia.

"Wewe wa laptop! Unaishi hapa au umeegeshwa hapa? Mwaka wa pili huu, nani amewahi kunywa hata chai kwako?"

Yanina alifunga dirisha. Kweli, hakuna aliyewahi kunywa.

Jumamosi moja ya Novemba, Guram alifariki akiwa anafunga kamba za viatu. Akalazwa sebuleni siku nne, kama desturi yao. Wanawake walikaa wakimzunguka, wanaume walisimama chini langoni na ndevu zisizonyolewa, na kifuniko cha jeneza kiliegemezwa ukutani ili kila apitaye ajue. Yanina alipanda mara moja, akalizunguka jeneza kama wengine, akamgusa mzee mkono. Alimlilia kweli, maana ndiye mtu pekee wa ua ule aliyemwita binti. Hakuna aliyempisha kiti.

Jumatano, siku ya maziko, saa saba mchana, Zaza mtoto wa marehemu alimgongea mlango. Macho yalikuwa mekundu.

"Dada Yanina, ngazi zetu unazijua. Zimejiviringa, jeneza halipiti likiwa limelala. Babu tulimshusha kwa kamba kutoka roshanini, na baba vivyo hivyo. Tunang'oa vyuma vya mbele. Waya wako umefungwa hapohapo."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa kasoro robo. Kasisi anatungoja makaburini."

"Nina kikao saa nane na nusu mpaka tisa na nusu. Subirini kidogo, Zaza, nakuomba."

"Nimwambie nani asubiri? Baba?"

"Uzi ule ni kioo, ukipinda umevunjika. Nimeshakosa vikao viwili kwa umeme wa mtaa huu. Nikikosa cha tatu, kibarua kimeota nyasi."

"Ni dakika ishirini, jamani! Uchomoe, tuushushe, uuchomeke tena."

"Wale hawajui dakika ishirini. Wanajua yupo, au hayupo."

"Na wewe unajua nini?" Zaza aliuliza.

Yanina alifunga mlango. Alijiona mchafu, lakini aliufunga, akaenda kuchana nywele kwa ajili ya kamera.

Kikao kilianza. Nyuso tisa za nchi sita zilijipanga kwenye kioo, katikati yao Wiebke, msimamizi wao, mwanamke wa meno meupe na subira fupi. Nyuma ya laptop kulikuwa na dirisha, na nyuma ya dirisha roshani. Yanina aliona vyote kwa jicho moja: huku Wiebke akieleza michoro, kule wanaume sita wakitoka na jeneza mabegani. Mlangoni wakaligonga mara tatu kwenye mwimo, kama ilivyo ada, kuiaga nyumba.

Sauti iliingia mpaka kwenye kipaza sauti.

"Yanina, kuna ukarabati huko kwenu?" Wiebke aliuliza.

"Ndiyo. Majirani. Samahani."

Alisema hivyo na akatabasamu. Ulimi ungemwozea mdomoni siku hiyo asingelalamika.

Roshanini, Zaza alishika plaizi, akasogea kwenye waya. Eteri akamdaka mkono. Yanina hakufahamu maneno yake, Kijojia chake hakikufika huko. Kisha Eteri akageuka kuelekea dirishani, akarudia kwa Kirusi ili yafike yanakotakiwa kufika.

"Weka chini! Huo aliufunga baba yako. Mkono ulioombwa kuufungua ni wa yule pale, na yule pale anacheka na televisheni yake! Haya, tumshushe mwanaume wangu kwa ngazi, aone alichofadhili!"

Jeneza likishainuliwa halirudishwi ndani. Wakaleta kifuniko, wakampigilia misumari mapema, kabla hajaliona jua la nje. Wakalisimamisha wima kama kabati la kuhamisha, wakaanza kushuka kwenye zile ngazi, kona baada ya kona. Katika kona ya pili kitu kiligonga mbao kwa ndani. Wanawake wakapiga yowe. Yanina alizima kipaza sauti, akaacha uso wake pale kwenye kamera.

"Sasa habari kubwa," Wiebke alisema. "Mashine yetu imefaulu majaribio yote. Kuanzia Ijumaa itajibu wateja yenyewe. Nawashukuru nyote, na hasa Yanina. Masahihisho yako ndiyo yaliyoifundisha zaidi. Inaandika kama wewe kabisa."

Mtu fulani wa Vilnius akapiga makofi kwa mazoea, akaacha. Saa tisa na dakika tano kikao kilikwisha, robo saa nzima kabla Yanina hajaacha kutabasamu.

Jioni, ua ukiwa mtupu, wenyewe wakiwa kwenye karamu ya maziko, alichukua plaizi yake akapanda ngazi zile zinazoishia roshanini. Alitaka kuuondoa waya kabla hawajarudi, walau wasiukute. Guram alikuwa ameukaza kwa sengenge, mizunguko minane. Chini ya sengenge alikuwa ameweka kipande cha ndala, alichokikata vizuri, ili chuma kisije kuula ule uzi wa kioo. Yanina alikigusa kwa kidole, akakaa kwenye ngazi akalia kwa sauti.

"Toa mkono."

Eteri alikuwa amesimama chini yake, amevaa nyeusi tii kuanzia kitambaa hadi soksi, Zaza amemshika kiwiko.

"Nautoa, mama. Sina kazi nao tena. Wameniachisha. Nisamehe, nauondoa sasa hivi."

"Wamekuachisha leo?"

"Leo. Palepale."

Eteri alimtazama usoni. Yanina alidhani, mjinga yeye, kwamba lile jicho lilikuwa linalainika.

"Usiuguse," Eteri alisema. "Ameufunga Guram, utakaa alivyoufunga. Kila asubuhi ukifungua dirisha, uutazame."

Akampita, akaingia ndani, akafunga mlango. Yanina alirudi kwake. Mezani laptop ilikuwa bado wazi, na kwa mara ya kwanza wiki ile mtandao ulikuwa na nguvu zote.