Chumba Kilichobandikwa Ukutani

Dada yangu mdomo ndio uliomponza. Nasema kwa uchungu, maana sasa analala sebuleni kwangu, na kiuno changu hakijapona tangu tubebe kabati lake.

Kazi yake ni kutunza ile nyumba kongwe ya bustani. Kuta zake ni nene hata mtu anaweza kujilaza dirishani, na bustani nzima imezungushiwa ukuta wa mawe na chokaa, wenye mashubaka ya kuwekea taa. Ukutani huko, pembeni, palikuwa na chumba cha matofali. Ndicho alichopewa alipoanza kazi, akiwa na mimba ya mwanawe wa kwanza. Humo amelea, humo amefiwa na mume.

Wageni wakija kuitazama nyumba anawatembeza. Akifika chumbani kwake, aibu inamshika. "Hiki msikitazame," atasema. "Si cha nyumba hii. Kimebandikwa tu baadaye, kinauharibia ukuta sura." Na nguo zake hizo zimeanikwa mlangoni! Dada yangu huyo.

Mwaka huu akaletwa msimamizi wa ukarabati, mama mpole tu, kuirudisha nyumba ilivyokuwa mwanzo. Dada akamtembeza, akamwimbia wimbo uleule. Yule mama akashukuru. Haukupita muda, chumba kikapigwa alama ya kubomolewa.

"Nenda kamwambie unaishi humo," nikamwambia.

"Anajua. Ndiyo amri aliyopewa."

"Basi mwambie ulikosea. Sema ni cha zamani."

"Nidanganye juu ya nyumba hii?" Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama yetu. "Nimechoka, mdogo wangu. Shika huko, tutoe kitanda."

Nikashika, nikinuna. Ningekuwa mimi ningedanganya mpaka ulimi ukauke.

Chumba kilipobomolewa, ukutani pakabaki mstari wa paa na weusi wa moshi pale alipokuwa akiweka jiko. Kupaka chokaa ni kazi ya mtunzaji, kwa hiyo akapewa ndoo na brashi. Akapaka. Moshi ukatokeza. Akarudia, ukatokeza tena, akarudia mpaka ukafunikika. Jioni alikuwa akirudi kwangu na mikono imebabuka, anakula kidogo, analala na viatu.

Juzi nilimpelekea chakula, nikamkuta na wageni. Mmoja akaonyesha ukuta kwa kidole.

"Mama, mbona hapa peupe kuliko kwingine? Palikuwa na nini?"

Nikasimama na bakuli langu. Nilitaka aseme, walau wale wapita njia wajue.

Dada akaweka kiganja palipokuwa na moshi wake.

"Hapakuwa na kitu," akasema. "Ukuta huu uko hivi tangu mwanzo."

Huo ndio uongo pekee niliowahi kumsikia akisema juu ya nyumba ile.