Njia ya Uani Kwangu

Mwaka ule ziwa lilifungwa. Wavuvi walikatazwa kutia mitumbwi majini ili samaki wazae, na ndagala, visamaki vyetu, wakawa kitu cha kusimuliwa. Tulikula bugali na majani ya lengalenga, kesho yake lengalenga na bugali. Sukari nayo ilikuwa imepotea madukani, tukanywa chai ya chumvi, na mtu akikuambia chai ya chumvi ni tamu, huyo anakudanganya. Ndiyo mwaka wakubwa wa komini walipoamua kwamba Jabe, mtaa wetu mzima, ijifunge.

Kujifunga maana yake kila parseli yenye nyumba iwe na ukuta wa matofali upande wa barabara, na mlango wa chuma, na rangi. Walisema mji mkubwa hauwezi kukaa wazi kama kibanda cha sokoni. Sawa. Mi sikatai rangi. Lakini kwangu kuna njia.

Njia hiyo inaingia mbele, inapita kati ya nyumba na jiko, inatokea nyuma, penye robine ya maji ya watu wote na barabara ya kwenda sokoni. Aliyeifungua ni mzee wangu, baba wa watoto wangu, Mungu amrehemu. Robine ilipowekwa, watu wa upande wetu walikuwa wanazunguka mtaa mzima na mabido, yale madumu ya maji, kichwani. Akawaonea huruma, akang'oa bati mbili za nyuma, akawaambia, "Pitieni hapa, lakini musikanyage vyombo vya mama." Wakapita. Vyombo walikanyaga vilevile, nikazoea.

Mzee akafa. Watoto wakaoa na kuolewa, wakahama. Binti yangu mmoja yuko Ulaya, na mjukuu wangu wa huko anasomea udaktari. Hilo ninawaambia hata wasioniuliza. Nyumba ikabaki na mi na njia. Kama si ile njia ningekuwa nimesahau kuongea. Asubuhi mabido, saa ya shule watoto, kisha wamama wa Kanyosha wameteremka na mizigo ya lengalenga, wanakata kwangu kwenda sokoni. Hakuna mtu mwenye adabu anayepita uani kwa mwenzake bila kusalimu. "Mwaramutse, mama." "Salamaleko, bibi." "Umelalaje?" "Nimelala, na we?" Hata chakula nilikilia pale njiani, juu ya kigoda, kwa sababu anayekula lazima amkaribishe anayepita, na mi nilitaka niwe na wa kumkaribisha.

"Karibu tule."

"Asante bibi, nimeshiba."

Hakuna aliyeshiba mwaka ule. Lakini nilikuwa nimesema karibu, na bugali lilishuka.

Shefu wa katiye, mkubwa wa mtaa, alikuja mwenyewe. Huyo nimemjua tangu anapita kwangu kwenda shule, kamasi hadi mdomoni. Akasimama njiani, akavua kofia.

"Mama, umesikia habari ya ukuta?"

"Nimesikia. Na we umesikia hapa ni njia?"

"Kwenye plani ya komini hakuna njia."

"Ukiwa mudogo ulikuwa unaruka?"

Akacheka. "Mama, usinitie shida. Kuja Jumamosi mukutanoni, useme yako mbele ya wakubwa."

Jumamosi, tulipomaliza kazi za pamoja za kuzibua mitaro, tukakusanyika kwenye uwanja wa zoni, majembe bado mikononi. Komini walimtuma kijana mmoja, shati limepigwa pasi, akabandika karatasi kubwa ukutani. Akaeleza wezi, akaeleza usafi, akaeleza wageni watakavyouona mji wetu. Akasema na robine mpya itawekwa kwenye kona ya upande wetu, mtu asihangaike tena. Alisema vizuri, sina ubaya naye. Mwishoni akauliza, "Kuna asiyekubali?" Kwetu mkubwa akiuliza hivyo haulizi. Anangojea makofi. Nikasimama kabla hayajapigwa.

"Mi sifungi. Kwangu watu wanapita."

Wakacheka. Fundi wa baiskeli akapaza sauti, "Bibi anataka kuwa polisi wa barabara!" Mwingine nyuma yake akasema, "Apana, mukecuru, huyo bibi, ana bwana anayepita usiku, ndiyo maana."

"Angekuwa anapita ungemujua," nikamwambia. "We ndiye unachunguza milango ya wajane."

Wakacheka tena, safari hii upande wangu, nikadhani nimeshinda. Nikageuka niwaangalie watu wangu, wale wa njia. Jirani wa ng'ambo ya barabara alikuwa pale. Asubuhi ile ile alipita kwangu na bido, akaniomba na kibiriti. Kijana wa komini akasema, "Basi tumekubaliana," na makofi yakapigwa. Jirani yangu naye akapiga. Alipiga akiangalia chini, lakini alipiga.

Tulirudi pamoja, majembe begani.

"Bibi, usikasirike," akasema. "Mutu hawezi kubaki peke yake na mikono chini."

"Mi nilibaki."

"We ni muzee. Watakufanya nini?"

 Alifika kwangu, akachukua bido aliyoiacha asubuhi, akapita kama kawaida.

Kuta zikaanza kuinuka. Parseli ya nyuma yangu, uwanja mtupu kati yangu na robine, ilikuwa imenunuliwa na mfanyabiashara, na ukuta wake ukaja ukakaa juu ya mdomo wa njia, mrefu kuliko mtu, vigae vya chupa juu. Alikuja kunieleza kwa heshima zote, na papai mkononi. Ardhi ni yake, amri ni ya komini, ningemgombeza kwa lipi? Nikala papai.

Siku za kwanza watu walisahau. Waliingia na mabido, wakafika kwenye ukuta, wakasimama, wakacheka. "Eh, bibi, njia imekufa." Wakageuka. Basi walinisalimu mara mbili, wakienda na wakirudi, na zile zilikuwa siku zangu nzuri. Kisha robine ya kona ikatoa maji, na miguu ikajifunza. Watoto wa shule wakazunguka. Wamama wa Kanyosha ninawasikia nyuma ya ukuta, wanacheka kitu, sijui ni kitu gani. Nyasi ziliota palipokuwa pamekanyagwa mpaka pakawa kama sakafu. Ziwa likafunguliwa, ndagala wakarudi sokoni. Nilinunua, nikawakaanga kwa mawese, nikala ndani ya nyumba, mlango umesukumwa.

Binti yangu wa Ulaya akapiga simu.

"Mama, kubali wajenge. Nimeongea na shefu, mafundi watakuja. Nikijua kuna mulango wa chuma nitalala."

"Hulali?"

"Kuna watu wabaya, mama."

"Hao watu wabaya, wakiingia, si watanisalimu kwanza?"

 Najua alikuwa analia, nikajifanya simu imekatika.

Shefu alikuja na mafundi wawili na matofali. Wakati wanakoroga sementi, yeye aliketi juu ya rundo la matofali, kofia kwenye goti. Tukakaa muda mrefu. Hakuwa na haraka, alilelewa vizuri.

"Mama," akasema, "tangu nimeketi hapa, nani amepita?"

Nikaangalia njia. Nyasi, halafu ukuta, halafu chupa zinameta.

"Hakuna mutu," nikasema. Sidanganyi.

"Jana?"

"Hakuna."

"Sasa unamungoja nani?"

 Mafundi waliacha kukoroga, wakaniangalia kama mtu anavyomwangalia mgonjwa. Shefu akainuka, akajipangusa vumbi, akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Basi, mama, turuhusu tuanze." Nikaenda nikasimama mbele, penye pengo, mkono mmoja kwenye ukuta mpya wa jirani wa kando, mwingine kwenye bati langu la zamani.

"Mi sifungi. Kwangu watu wanapita."