Fundi Koki Achagua Nyumba ya Jakuzi

Mkandarasi aliingia sebuleni kwa Fundi Koki akiwa na mkewe na binti yao, akampa kila mtu mkono, akajichagulia kochi lililo karibu na feni, kisha akamtazama mwenye nyumba kwa tabasamu.

“Samahani mkwe, sura yako si ngeni kabisa. Tumewahi kuonana?”

Fundi Koki alikuwa ameshika trei ya glasi. Akaitua mezani.

“Mji wenyewe mdogo huu,” akajibu. “Huenda tulipishana njiani.”

Mkewe, aliyekuwa mlangoni na jagi la maji, alimtupia jicho. Yeye alijua. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amelala kitanda kimoja na jambo hilo.

Zamani hizo Fundi Koki hakuitwa hivyo. Alikuwa fundi mkuu wa mabomba mwenye leseni, ana mafundi tisa chini yake, na jina lake kamili limeandikwa kwenye mlango wa gari. Mkandarasi alimpa kazi ya hosteli ya wanafunzi ya ghorofa nne. Mabomba ya maji moto yalipoletwa, Fundi akaona yana mstari wa buluu. Hayo ni ya maji baridi. Ukiyapitishia maji ya moto yanalegea kama mshumaa, na siku moja viungo vinaachia. Akaenda ofisini kusema. Mkandarasi hakuinua hata uso.

“Funga ulicholetewa. Ukishindwa, mafundi wamejaa tele huko nje.”

Akafunga. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote baadaye, kwamba alijua na akafunga.

Mwezi wa tatu tangu wanafunzi waingie, viungo viliachia. Dari la ghorofa ya pili likashuka lote, na mpishi wa hosteli akaungua mkono mpaka kwenye kiwiko. Kwenye kikao cha uchunguzi mkandarasi alisimama na suti yake nyeusi, akamnyooshea Fundi kidole mbele ya watu wote. “Uzembe wa fundi, mabwana. Nilimwamini, akaniangusha.” Leseni ikafutwa, mafundi tisa wakatawanyika, gari likapakwa rangi upya na mtu mwingine. Yeye akawa mtu wa kubadilisha koki zinazovuja mtaani, mlango kwa mlango. Jina hilo alipewa na watoto wa jirani, na likamganda.

Mwanawe wakati huo alikuwa bado shule, akaambiwa tu kwamba kazi ya baba imeisha. Sasa ni mwalimu wa hesabu, na katika mafunzo ya walimu amekutana na mwalimu mwenzake, wakapendana. Jina la baba wa binti lilitajwa nyumbani siku posa ilipokuwa tayari imekubaliwa. Fundi Koki alilisikia, akaendelea kula. Mkewe ndiye aliyeacha kula.

Siku ile ya utambulisho mkandarasi aliongea peke yake kama redio. Mwishoni akapiga paja lake kofi. “Kabla ya harusi, familia zetu mbili zikae pamoja siku tatu, tuzoeane. Kule vilimani kuna nyumba za mapumziko, kila moja na jakuzi lake la maji moto, watu sita mnakaa humo mnapigwa na mapovu mpaka uchovu wa mwaka unatoka. Ziko nane, na zote nane nimezijenga mimi. Chagueni yoyote.”

“Nitachagua mimi,” akasema Fundi Koki, haraka mno.

Jumapili baada ya chakula cha mchana, mwanawe alifungua kompyuta mezani. Fundi Koki akavaa miwani, akafungua daftari.

“Tuanze na vyumba au mandhari, Baba?”

“Tuanze na ukuta wa nyuma.”

“Ukuta wa nyuma?”

“Wewe nionyeshe.”

Wakapitia nyumba moja moja. Nyumba namba moja mabomba yamefichwa kwa mbao. Namba mbili yamepandiwa maua. Namba tatu, mpiga picha alitaka kumpata paka aliyelala juani, na pembeni kabisa ya picha bomba jeupe likaonekana likitoka kwenye mtambo wa kuchemshia maji na kupenya ukuta wa jikoni kuelekea jakuzi lililo juu ya paa lake.

“Kuza hapo. Kuza tena.”

Mstari wa buluu, mwembamba kama uzi, ulitoka nje ya ukungu wa picha. Fundi Koki akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Moyo ulikuwa ukimdunda kama pampu iliyovuta hewa.

“Nisomee wageni wameandika nini.”

Kijana akasoma. Mmoja alisema maji yalipoa siku ya pili. Mwingine alisema sakafu ya jikoni ina unyevunyevu, wametandika taulo. Wa tatu aliandika, “Nyumba nzuri, ila ukuta wa jikoni unakoroma.”

“Hii hii,” akasema Fundi Koki.

“Baba, ina nyota mbili! Namba sita ina tano, na bustani, na vitanda vipana.”

“Namba tatu.”

“Lakini kwa nini?”

“Nimempenda yule paka.”

Jioni mkewe alikuwa akikunja nguo chumbani. “Unatupeleka kwenye nyumba inayotaka kupasuka.”

“Nampeleka mtu kwenye kazi ya mikono yake.”

“Na mwanao je? Posa ikivunjika usije kulia begani kwangu, bega lenyewe limechoka.” Akakunja mashati mawili. Kisha akacheka kwa pua. “Mwosha huoshwa. Basi weka na taulo kuukuu za kufutia maji.”

Aliziweka. Chini yake akaweka spana na msumeno wa chuma.

Walifika Ijumaa. Wengine walikimbilia kuona mandhari, Fundi Koki akaenda jikoni kutafuta koki kuu ya maji na swichi ya pampu. Akaifunga koki, akaifungua, akaifunga tena, mpaka akahakikisha mkono unaifikia hata macho yakiwa yamefumba. Mkono wa yule mpishi hakuwahi kuusahau, na hakutaka mtu mwingine aungue. Hakugusa kiungo hata kimoja. Hakukuwa na haja.

Mtunza nyumba, mama wa makamo mwenye funguo kiunoni, alimkuta amepiga magoti chini ya sinki. “Baba unatafuta nini huko?”

“Unyevu.”

Mama yule akashusha pumzi. “Nimeandika barua mara nne kwa kampuni. Jibu ni lile lile, piga deki.”

Jumamosi saa kumi alasiri mkandarasi alikuwa ndani ya jakuzi, kitambi kimeelea kama boya, kofia kichwani. Vijana walikuwa bustanini. Fundi Koki alimwambia mkewe amchukue mama wa binti wakakae barazani, jikoni pasiwe na mtu. Kisha akapanda juu, akakaa pembeni ya jakuzi na nguo zake zote.

“Ingia, mkwe! Unaogopa maji?”

“Mimi na maji tumefanya kazi pamoja, hatutaniani. Yana moto kweli?”

“Vuguvugu.”

“Ah. Labda mabomba hayahimili zaidi.”

Mkandarasi akajiinua, mapovu yakimshuka kifuani. “Hayahimili? Kazi yangu hii, mkwe! Hata uchemshie mahindi.” Akanyoosha mkono wake mwenyewe akazungusha kitufe cha joto mpaka mwisho.

“Basi mimi nitoke, nisije nikaiva,” akasema Fundi Koki. “Na wewe usikae sana, moto ukizidi toka.” Akateremka, akasimama jikoni karibu na mlango, mkono juu ya koki kuu.

Ukuta ulianza kukoroma, kama mgeni alivyoandika. Ukakoroma, ukapiga mluzi, kisha kitu kikapasuka kwa sauti ya ubao unaovunjwa gotini. Dari la jikoni likajaa tumbo, likashuka juu ya meza na sahani zote. Fundi Koki alikuwa ameshafunga maji na kuzima pampu. Hakuna aliyeguswa. Lakini maji yaliyokuwa tayari yametoka yalitosha kuvusha viatu hadi sebuleni.

Wote wakaja mbio. Mkandarasi akateremka na taulo kiunoni, anachuruzika. Akatazama dari. Akatazama maji. Macho yake yakatua kwa mtunza nyumba, aliyekuwa ameingia na fagio la deki, na kidole kile kile kikanyooka.

“Wewe! Umechezea mtambo! Uzembe mtupu! Leo hii unafungasha virago.”

Fundi Koki alikuwa ameandaa maneno kwa miaka kumi na miwili. Aliyafanyia mazoezi kwenye bafu za watu, chini ya masinki ya watu. Alipokiona kile kidole, yote yakamkimbia. Akachukua msumeno, akapanda juu ya kiti, akakata kipande cha bomba lililoning’inia, akakilaza mezani katikati ya vigae vya sahani, maandishi yakiwa juu.

“Soma.”

“Mkwe, huu si wakati wa…”

“Soma kwa sauti, binti yako asikie.”

Binti ndiye aliyeinama akasoma. “Kwa maji baridi tu.” Akamtazama baba yake. “Baba, si maji ya moto yalikuwa yanapita humu?”

Mkandarasi alikwepa macho yake. Alikuwa akimtazama Fundi Koki, na taratibu uso wake ukapauka. “Wewe… ile hosteli.”

“Umechelewa kunikumbuka. Mimi nilikuwa nakukumbuka kila nikipiga goti.”

Akawaeleza wote, amesimama ndani ya maji yanayofika kwenye vifundo vya miguu. Akaeleza mabomba, ofisi, dari, mpishi, kikao. Hakujiondoa lawamani. Alisema pia kwamba alijua na akafunga. Mke wa mkandarasi alikaa kwenye ngazi.

“Mambo ya kale hayo, mkwe,” mkandarasi akasema kwa sauti ndogo. “Sisi sasa ni familia.”

“Mkuki kwa nguruwe. Dakika hii hii ulikuwa unamtupa mama huyu kama ulivyonitupa mimi.” Akachana ukurasa wa daftari lake. “Utaandikia bodi ya leseni. Kwamba mabomba ya hosteli uliyaagiza wewe, na niliyakataa. Na kwamba huyu mama ametoa taarifa mara nne.”

“Na nisipoandika?”

“Bomba hili litakuja harusini. Litakaa meza kuu, na mimi nitalitambulisha.”

Kalamu ililetwa na mke wa mkandarasi mwenyewe. Mkandarasi akaandika akiwa na taulo, na Fundi Koki akasimama nyuma ya bega lake akimsahihisha. Utamu alioupata dakika zile hakuwahi kuupata kwenye asali.

Kisha mwanawe akamwita barazani.

“Ulijua. Tangu ile picha.”

“Nilijua.”

“Ungeniambia nisingekuwa upande wako? Umenitumia kama fimbo, Baba. Mchumba wangu amelia mle ndani.”

Fundi Koki aliketi kwenye ukingo wa baraza. Hakujuta, lakini aliona aibu, na mambo hayo mawili yalikaa kifuani mwake bila kusalimiana. Wiki tatu kijana hakumwambia zaidi ya shikamoo.

Posa haikuvunjika, kwa sababu binti alikuwa na msimamo kuliko baba yake. Mtunza nyumba alibaki kazini. Bodi ilichukua miezi miwili, ikarudisha leseni kwa mtu mwenye miaka sitini na moja na magoti yaliyoisha. Aliisoma mara moja, akaiweka kwenye droo ya vijiko. Iliamriwa pia nyumba zote nane zing’olewe mabomba, chini ya macho ya fundi mwenye leseni. Alipoombwa alikubali, akasimama kila siku mikono nyuma, akakataa viungo kumi na saba, vingine vikiwa havina kosa lolote.

Harusini wazee wawili walikaa meza moja. Kila mgeni alipokuja kuwapa mkono, Fundi Koki alisimama kwa adabu, akamshika mkandarasi bega, akasema kwa sauti ya kusikika meza ya tatu, “Karibu sana. Huyu hapa ni mkwe wangu, ndiye aliyenifutia leseni kwa uongo.” Mkandarasi alitabasamu kila mara, kama mtu mwenye jino bovu anayepigwa picha.

Baada ya mgeni wa ishirini hivi, bwana harusi akaja, akainama sikioni. “Baba, inatosha sasa.”

“Bado shangazi zako wawili,” akasema Fundi Koki, akasimama kuwapokea.