Mantja Chini ya Msalaba

Watoto watatu walimfia Mantja kabla hawajajua kutembea. Alipopata wa nne, mama mkwe wake akasema mtoto huyu apewe jina baya, kifo kimdharau kimpite. Wakamwita Ntja, yaani mbwa. Kijana akaishi. Mama yake naye akapata jina tunalomwita mpaka leo, Mantja, yaani Mama wa Mbwa, na ukimsikia akilitaja mwenyewe utadhani ni jina la malkia.

Mimi ni jirani yake, naitwa Mathuso, na sote tuko katika umoja wa akina mama wa kanisa letu hapa wilaya ya Mafeteng, kwenye kanisa la mawe lililojengwa na babu zetu. Mantja kazi yake ni kusiriba nyumba. Huchanganya udongo na samadi, akazipaka kuta, kisha akazichora mistari kwa vidole vyake. Mumewe alikufa kwa kifua baada ya miaka mingi ya migodini. Akabaki na Ntja.

Ntja alipenda kodiani. Akajiunga na kundi la wapiga kodiani wanaovaa blanketi za manjano, na huku kwetu kundi si muziki tu. Wa manjano na wa buluu wanawindana. Leo anauawa huyu, kesho yule, na ukiuliza ugomvi ulianzia wapi, kila mtu ana jibu lake.

Mwezi wa tisa, mipichi ikiwa imechanua, Ntja alikuwa akitoka harusini mchana kweupe. Alipofika kivukoni, Likotsi wa kundi la buluu akampiga risasi mbili za mgongo. Waliokuwa wakifua nguo mtoni walimwona. Polisi walimkamata Likotsi wakamweka ndani, kisha wakamwachia, kwa sababu hakuna aliyekubali kusema alichokiona. Nani aseme? Kila mmoja ana mtoto wake.

Likotsi alikuwa mtoto wa Malikotsi. Na Malikotsi na Mantja walikuwa wakikaa benchi moja kanisani, tangu walipokuwa maharusi wageni kijijini.

Jumapili ya kwanza baada ya maziko, Mantja alikuja akaketi mahali pake. Malikotsi akaingia, akasimama katikati ya kanisa kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya, halafu akaenda kukaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Hawakusemezana. Hata chemchemi waligawana bila kuambizana. Malikotsi akaendelea kuteka ya karibu, na Mantja akawa anapanda mpaka ile ya juu, ndoo kichwani, na magoti yake yale.

"Kwa nini wewe ndiye uteseke?" nikamuuliza. "Yeye ndiye apande mlima."

"Nikimkuta pale nitamsukuma," akasema. "Najijua."

Miezi ikapita hivyo, Pasaka ikakaribia. Kwetu Ijumaa Kuu mchungaji hahubiri. Akina mama saba ndio wanaosimama mmoja mmoja mbele ya msalaba, kila mmoja akishika neno moja kati ya yale saba aliyoyasema Bwana alipokuwa akifa. Mchungaji Ramakatsa ndiye anayegawa maneno. Mwaka ule alimpa Mantja la kwanza: Baba, uwasamehe, kwa maana hawajui watendalo.

Mwenyekiti wetu alipolisikia akashika mdomo. "Mchungaji, mama huyu bado ana kidonda."

"Ndiyo dawa yake," Mchungaji akajibu. Alikuwa kijana, mwenye moyo mzuri na haraka nyingi. "Akilisema kwa kinywa chake, litashuka moyoni. Na yule mwenzake atalisikia. Msalaba maana yake ni hiyo, mama."

Mantja hakubisha. Alisema tu, "Nimesikia, baba."

Ijumaa ile kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje madirishani. Kulikuwa na ubaridi, mtama ukiwa umekomaa mashambani, na sisi tumevaa sare zetu nyeusi zenye kola nyeupe. Msalaba wa mti ulikuwa umesimamishwa mbele, umefungwa kitambaa cheusi. Tuliimba, tukaomba, kisha Mantja akaitwa.

Alikwenda polepole. Hakufungua Biblia. Aliutazama msalaba kwanza, akitupa mgongo, kisha akageuka.

"Nimepewa neno la kwanza," akasema. "Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimesiriba nalo nyumba ya Mwalimu. Nataka kuwauliza. Neno hili alilisema nani?"

"Bwana!" watu wakaitikia.

"Alilisema akiwa wapi?"

"Msalabani!"

"Eeh. Alilisema yeye mwenyewe, misumari ikiwa mikononi mwake. Hakumtuma mtu amsemee. Mama yake alikuwepo. Alisimama pale chini, akitazama mtoto wake anavyokata roho. Yeye alisema nini?"

Mzee mmoja akakohoa.

"Nimemwomba binti wa Mathuso anisomee vitabu vyote vinne vya Injili. Mama yule hakusema kitu. Hakusema nawasamehe, hakusema nawalaani. Alisimama tu. Na mtoto wake alipomwangalia kutoka juu, hakumwambia, Mama, wewe nawe wasamehe. Alimtafutia mtu wa kumpeleka nyumbani." Sauti yake ilikuwa kavu, haikutetemeka. "Mimi niko pale alipo yule mama. Niko chini. Mchungaji, usinipandishe mahali pasipo pangu. Mtoto wangu alipigwa mgongoni, hakupata nafasi ya kusema neno hata moja. Nani anajua angesema nini? Sitamsemea."

Akarudi benchini akakaa.

Halafu tukasikia kitu nyuma. Malikotsi alikuwa ameinuka, anapapasa ukuta kama kipofu, akautafuta mlango, akatoka. Tulimwona dirishani akitembea kuelekea kwake bila kilemba, kilemba kimebaki sakafuni. Mwenyekiti akaanzisha wimbo, ukaanza vibaya, sauti zikigongana, lakini tukauimba hivyohivyo.

Mchungaji alimwendea Mantja nyumbani wiki iliyofuata. Nilikuwepo, tunachambua maharage.

"Mama, uliumiza watu," akamwambia.

"Watu waliumia kabla yangu, baba."

"Watu wanahitaji tumaini."

"Basi wape wewe. Una sauti nzuri." Akamsogezea kigoda. "Kaa, unywe uji. Umekonda, huyo mkeo anakupikia kweli?"

Mchungaji akacheka bila kutaka, akakaa, akanywa. Lakini suala lile hakulirudia.

Mwezi wa saba, ardhi imekaza kwa baridi, Likotsi akaokotwa katika shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Wa manjano walikuwa wamemaliza deni lao. Sitaeleza alivyokutwa. Mama yake ndiye aliyemtambua, kwa soksi alizomfumia.

Nilikimbia kwa Mantja nikidhani nampelekea habari. Alikuwa nazo. Alikuwa ameketi mbele ya moto, mikono mapajani.

"Umefurahi?" nikamuuliza. Ndivyo nilivyouliza, na sijui nilitaka anijibu nini.

"Nilidhani nitafurahi. Nimekaa hapa tangu asubuhi naingojea furaha, kama mtu anayengojea maji yachemke." Akasukuma vipande vya samadi kavu motoni. "Haijaja."

Siku ya kuzika ikakaribia na nyumba ya Malikotsi ikawa tupu. Neno lilikuwa limepita kijijini: atakayekwenda kumlilia Likotsi atakuwa amevaa blanketi ya buluu, na atahesabiwa wa buluu. Hakuna aliyejua nani kalitoa, na hapakuwa na haja ya kujua. Wanaume waliotakiwa kuchimba kaburi wakapata safari. Wazee wa kanisa wakaamua jeneza lisiingie kanisani, wasije wakatuletea bunduki madhabahuni. Mchungaji akasema ana homa. Labda alikuwa nayo kweli. Sisi akina mama tulikaa majumbani mwetu tukichungulia.

Ijumaa asubuhi Mantja akanigongea. Alikuwa na ndoo mbili, moja ya udongo, moja ya samadi mbichi.

"Mathuso, shika hii moja."

"Twende wapi?"

"Kwa Malikotsi. Maiti inakuja leo kutoka hospitali, na sakafu yake imepasuka. Nimeiona kupitia mlangoni."

"Mantja, una wazimu? Shemeji zako watakuua."

"Watangoja nimalize kusiriba."

Sikuwa na ujasiri, ila ndoo ilikwisha kuwa mkononi mwangu. Tukapita katikati ya kijiji, mapazia yakitikisika kila nyumba. Malikotsi alikuwa peke yake, amekaa sakafuni juu ya godoro, blanketi kichwani, kama desturi inavyomtaka mfiwa. Hapakuwa na hata mwanamke mmoja wa kukaa naye. Alipomwona Mantja mlangoni akajikunyata hadi ukutani.

"Umekuja kunicheka."

"Nimekuja kusiriba. Sogea upande ule."

"Mwanangu alimuua mwanao."

"Usinipe habari zangu mwenyewe, Malikotsi. Maji yako wapi?"

Malikotsi akaanza kulia, na maneno yakamtoka yote pamoja, ya miezi yote ile. Kwamba alijua tangu siku ile. Kwamba Likotsi alirudi akala ugali na mboga kama kawaida, akalala. Kwamba alitaka kuja, akafika nusu ya njia mara nyingi. Akatambaa akamshika Mantja mguu. "Nisamehe, dada yangu. Nisamehe."

Mantja alisimama pale na udongo mikononi. Nilimwona akitazama mlango, nikajua alikuwa akipima kama aondoke.

"Leo usiniombe hilo," akasema hatimaye. "Sina. Ningekuwa nalo ningekupa. Niachie mguu, udongo utakauka."

Akapiga magoti akaanza kazi. Alisiriba chumba kizima, pembe hadi pembe, nami nikimletea maji. Hakuchora mistari. Gari lilipoleta maiti sakafu ilikuwa bado na unyevu, tukatandika mkeka juu yake. Kisha Mantja akaingia kwenye godoro la mfiwa, akaketi kando ya Malikotsi, mabega yakigusana. Mchana akaja mwenyekiti wetu na sufuria la mahindi. Jioni walikuwa watano.

Jumamosi tulimzika. Kaburi lilichimbwa na mjomba wake mzee na wanawake wawili waliobadilishana sururu. Mchungaji Ramakatsa alikuja, macho mekundu, na kweli alikuwa na homa. Mjomba alikuwa ametengeneza msalaba wa mbao za kreti. Mchungaji alipotaka kuhubiri juu yake, akaishiwa maneno, akatuomba tusimame kimya.

Hiyo kazi ilimgharimu Mantja. Shemeji yake, yule aliyemlea Ntja jandoni kule milimani, alikuja wiki ileile akampiga mbele ya watu, akamwambia amemtemea mate mtoto wake kaburini. Jino lake la mbele lilitoka siku hiyo. Shamba la ukoo akanyang'anywa, na hajarudishiwa. Hakuna mzee wa kanisa aliyeinua sauti.

Ningependa kusema mauaji yalikoma. Hayakukoma. Tumezika vijana wengine wawili tangu hapo, wa manjano mmoja, wa buluu mmoja. Kilichobadilika ni kwamba wote wawili tulikwenda kuwazika, akina mama wote, tukiwa tumevaa sare zetu za kanisa badala ya blanketi, na majeneza yote mawili yaliingia kanisani. Ni hilo tu. Malikotsi hakuyaona. Alihamia kwa dada yake ng'ambo ya mpaka, na tukasikia amefariki huko.

Watu hupenda kusimulia kwamba Mantja alisamehe. Wageni wakija kutoka sinodi huonyeshwa yeye, naye hunyamaza tu. Mwezi uliopita nilikuwa namsaidia kusiriba ukuta wa shule, yuko juu ya ngazi, nikaona leo nimuulize.

"Mantja, hivi ulishamsamehe yule kijana?"

Akaendelea kupaka.

"Kuna siku ndiyo, kuna siku hapana," akasema. "Leo hapana. Shika ngazi vizuri."