Kikombe cha Maji Kwenye Kona ya Wazee

Katika nyumba zetu za Umlazi, mkebe wa ugoro uliowekwa kwenye kona ya wazee waliotangulia haufunguliwi na mtu mwingine. Hata mwizi anaweza kuondoka na televisheni, mkebe akauacha. Ndiyo maana Nkanyiso Mkhize, mshonaji wa majoho ya kwaya, alizificha tembe zake humo.

Zilikuwa tembe za kuzuia kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Hakuwa mgonjwa. Lakini nani angeamini? Alizichukulia kliniki, kwenye dirisha lile lile la wenye virusi, na siku ya kwanza Mama Dludla, jirani yake, alimgeukia kwenye foleni akacheka.

"Karibu kwenye ukoo, mwanangu! Nilijua tu, nyinyi wanaume mnaopendana hamchelewi."

"Mimi sina, mama. Najikinga tu."

"Hata sisi tulianza kwa kusema hatuna," akajibu, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Foleni hakuiogopa sana. Alimwogopa Sikhumbuzo, fundi bomba aliyeishi naye, ambaye majirani walimwita binamu yake ili wasilazimike kumwita kitu kingine. Sikhumbuzo akiziona tembe angewaza mawili: ama mwenzake anaumwa na amemficha, ama ana mwingine nje. Kwa lolote kati ya hayo, angefunga begi lake aende.

Naye Sikhumbuzo alikuwa na kazi za kila Ijumaa huko Maritzburg. Alirudi akinukia sabuni ambayo nyumbani hawakuwa nayo.

Jioni, baada ya chakula, Nkanyiso alichukua kikombe cha maji, akapiga magoti kwenye kona, akanong'ona, akarudi na kikombe kitupu.

"Wazee wako wana kiu siku hizi," alisema Sikhumbuzo, ambaye kanisa lake halikuruhusu ugoro.

"Joto hili."

"Na wewe ugoro haukupigishi chafya?"

"Nimeuzoea."

Sikhumbuzo akaendelea kula maharage yake, macho kwenye kikombe.

Jumapili moja Nkanyiso alirudi kutoka kupima majoho akaukuta mkebe mezani, wazi, kifuniko kando. Sikhumbuzo alikuwa ameketi mbele yake.

"Khabazela," akamwita kwa jina la sifa la ukoo wake, kwa sauti ambayo watu huitana nayo msibani. "Unaumwa?"

"Siumwi. Ni za kuzuia."

"Kumzuia nani?"

Nkanyiso akamtazama yeye.

"Kumbe mimi! Kila jioni unapiga magoti kunishtaki kwa wazee wako."

"Sijakushtaki. Wewe niambie tu sizihitaji. Nazitupa sasa hivi."

Bomba la jikoni lilidondosha maji, tone baada ya tone. Fundi hakuwahi kulitengeneza la kwake. Sikhumbuzo akainuka akaenda huko, akakawia. Aliporudi alikuwa na kikombe kilichojaa maji. Akakiweka kando ya mkebe.

"Kunywa," akasema. "Leo bado hujanywa."

Nkanyiso akameza tembe, akimtazama juu ya ukingo wa kikombe, na Sikhumbuzo akatazama dirisha.

Begi halikufungwa siku ile. Siku hizi mkebe wa tembe unakaa mezani karibu na chumvi, na kwenye kona umerudi ugoro wa kweli. Kila Ijumaa Nkanyiso humtilia mwenzake kipande cha sabuni ya nyumbani kati ya vifaa vyake. Sikhumbuzo hurudi nacho kikavu, akinukia ile sabuni nyingine.